Mashine za Sarafu: Biashara Inayoendeshwa na Chenji

Katika biashara ya mashine za sarafu, muuzaji hayupo. Mteja hutumbukiza sarafu, mashine huichunguza, ikiikubali hutoa kilicholipiwa: chupa ya soda, wimbo mmoja, mchezo mmoja, dakika chache za kukausha nguo, saa moja ya kuegesha gari. Kila mauzo ni madogo mno, na faida hupatikana kwa kurudiwa mara nyingi. Kwa sababu hiyo biashara nzima hutikisika kinapoguswa kitu kimoja tu, nacho ni sarafu yenyewe. Uzito wake ukibadilishwa, thamani yake ikimomonyoka, au watu wakiacha kuibeba mfukoni, mwenye mashine ndiye wa kwanza kuumia. Na mara nyingi uamuzi uliomuumiza umefanywa na watu ambao hawajawahi kumfikiria.

Wazo la mashine hizi ni la kale. Heron wa Alexandria, mhandisi aliyeishi Misri katika karne ya 1, alieleza chombo cha hekaluni kilichotoa maji matakatifu: sarafu iliangukia kwenye kisahani, kisahani kikainama na kuinua kizibo, maji yakatoka mpaka sarafu ilipoteleza ikadondoka. Lakini kama biashara, mashine za sarafu ni zao la mwisho wa karne ya 19. Miaka ya 1880 London ilikuwa na mashine za kuuza kadi za posta. Mwaka 1888 kampuni ya Thomas Adams iliweka mashine za chingamu kwenye majukwaa ya treni za New York. Mwaka uliofuata, katika baa ya Palais Royale mjini San Francisco, Louis Glass aliweka gramafoni iliyopiga wimbo mtu akitumbukiza senti 5, na mwaka huohuo William Gray akafunga simu ya kulipia kwa sarafu huko Hartford, Connecticut. Kabla karne haijaisha, Charles Fey wa San Francisco alikuwa ameunda mashine ya kamari yenye magurudumu matatu, ambayo ndiyo mzazi wa mashine za kamari zinazoonekana leo duniani kote. Mita ya kwanza ya maegesho ilisimikwa Oklahoma City tarehe 16 Julai 1935.

Marekani ndiko mashine hizi zilikogeuka kuwa sekta kamili yenye viwanda, wasambazaji, maonyesho ya kila mwaka na vyama vyake. Chicago ilikuwa kitovu. Seeburg na Rock-Ola walitengeneza jukiboksi huko, yaani zile mashine za kupigia santuri. Gottlieb, Bally na Williams walitengeneza pinboli, yaani mashine za mchezo wa mpira mdogo. Wauzaji wa vitafunwa na vinywaji kwa mashine waliunda chama chao mwaka 1936, na wenye jukiboksi wakaunda chao mwaka 1948. Vyote viwili vingali vipo, ingawa majina yamebadilika na masuala yanayovishughulisha yamebadilika zaidi.

Ili kuelewa hofu za watu wa sekta hii, ni lazima kwanza ieleweke fedha inavyogawanywa. Kiwanda huunda mashine na kumuuzia msambazaji. Msambazaji humuuzia mwendeshaji, mara nyingi kwa mkopo. Mwendeshaji ndiye uti wa mgongo wa biashara hii: hununua mashine kumi, mia au elfu, akaziweka katika baa, mikahawa, viwanda, hospitali na majengo ya kupangisha ambayo si yake. Huzihudumia, huzitengeneza zikiharibika, na huzunguka kwa gari kila wiki au kila wiki mbili kukusanya fedha. Mwenye mahali hatoi mtaji wowote. Hutoa nafasi ukutani na umeme, naye hupewa sehemu ya mapato. Katika baa za Marekani desturi ya miaka mingi ni kugawana nusu kwa nusu. Jimbo la Illinois liliifanya desturi hiyo kuwa sheria lilipohalalisha mashine za kamari katika baa na mikahawa kwa sheria ya mwaka 2009: baada ya kodi, mapato yanayobaki hugawanywa sawasawa kati ya mwendeshaji na mwenye ukumbi.

Nusu kwa nusu inasikika kuwa haki tupu, lakini gharama hazigawanywi hivyo. Bei ya mashine, vipuri, mafuta ya gari, mshahara wa fundi na riba ya mkopo hubaki kwa mwendeshaji. Mwenye baa, kwa upande wake, anaweza kumfukuza wakati wowote mkataba unapokwisha na kumkaribisha mshindani aliyeahidi mashine mpya zaidi. Ndiyo maana waendeshaji hupigania mikataba ya miaka mingi, hutoa mikopo kwa wenye baa ili wawafunge, na huuziana mzunguko mzima wa maeneo kama rasilimali inayojitegemea. Anayenunua mzunguko hanunui chuma. Mashine za zamani hazina thamani kubwa. Kinachonunuliwa ni ruhusa ya kuwa mahali ambapo watu hupita.

Tatizo la kwanza na la kudumu ni bei. Mwenye duka gharama zikipanda huongeza senti mbili, tatu. Mwenye mashine hawezi, kwa sababu bei yake ni lazima ilingane na sarafu zilizopo. Mfano maarufu kuliko yote ni wa Coca-Cola. Soda yake iliuzwa senti 5 tangu 1886, na bei hiyo iliendelea kuonekana katika baadhi ya maeneo mpaka 1959. Zipo sababu kadhaa za ukaidi huo, zikiwemo mikataba ya kale na watengenezaji wa chupa na matangazo yaliyokwisha kuitangaza bei hiyo kila mahali. Lakini mashine zilikuwa kizuizi kikubwa: zilitambua sarafu ya senti 5 tu, na sarafu iliyofuata ilikuwa ya senti 10. Kupandisha bei maana yake ilikuwa kuiongeza maradufu kwa siku moja. Mwaka 1953 Robert Woodruff, kigogo wa kampuni hiyo, alimwomba Rais Dwight Eisenhower, aliyekuwa rafiki yake, serikali itoe sarafu ya senti saba na nusu. Wizara ya Fedha ilikataa. Kampuni yenye nguvu kiasi hicho ilifika mahali pa kuomba taifa libadilishe fedha yake ili iweze kuongeza bei ya soda, na ombi lile lilikuwa la busara kabisa kibiashara.

Mikahawa ya Horn & Hardart ilipita njia hiyohiyo. Ilianza Philadelphia mwaka 1902 na New York mwaka 1912. Mteja alitumbukiza sarafu, akafungua kijimlango cha kioo na kuchukua sahani ya chakula. Kahawa ilibaki senti 5 kwa miongo kadhaa huku kampuni ikizidi kubanwa na gharama, mpaka 1950 ilipolazimika kuruka moja kwa moja hadi senti 10. Mkahawa wa mwisho wa aina hiyo ulifungwa New York mwaka 1991.

Michezo ya video ilirithi mtego uleule. Pong ya kampuni ya Atari ilipowekwa kwa majaribio katika baa moja ya Sunnyvale, California, mwaka 1972, muda si mrefu mashine iligoma. Fundi alipoifungua alikuta kisanduku cha sarafu kimefurika. Baada ya Space Invaders ya 1978 na Pac-Man ya 1980, kumbi za michezo zilichipuka kila mji, na bei ikawa sarafu moja ya senti 25. Wachezaji wakaizoea. Mfumuko wa bei haukuizoea: senti 25 za mwaka 1980 ni sawa na karibu senti 95 za mwaka 2024. Kwa miaka mingi mwendeshaji alinunua mashine kwa bei iliyokuwa ikipanda, akauza mchezo kwa bei iliyoganda. Sekta ilianguka kuanzia 1983, na michezo ya nyumbani hulaumiwa kwa haki, lakini bei iliyoganda ilichangia kuwanyima waendeshaji akiba ya kuhimili dhoruba hiyo.

Dawa ambayo waendeshaji waliiomba kwa miongo ni sarafu ya dola moja. Kanada iliwaonyesha njia: ilitoa sarafu ya dola mwaka 1987 na ya dola mbili mwaka 1996, ikaondoa noti za thamani hizo, na mashine zikapata pa kupumulia. Marekani ilitoa sarafu ya Susan B. Anthony mwaka 1979, lakini kipenyo chake, milimita 26.5, kilikaribiana mno na cha senti 25, ambacho ni milimita 24.3, na watu wakazichanganya. Sarafu ya Sacagawea ya mwaka 2000 ilipewa rangi ya dhahabu ili itofautike, lakini ikaachwa na ukubwa na sifa za kiumeme za ile ya awali, makusudi, ili mashine zilizokwisha kurekebishwa ziitambue. Haikusaidia, kwa sababu serikali haikuondoa noti ya dola. Penye noti na sarafu ya thamani moja, watu huchagua noti. Waendeshaji wakabaki wakinunua vifaa ghali vya kusoma noti zilizokunjamana, ambavyo hukwama mara nyingi kuliko tundu la sarafu.

Suala la pili ni metali. Mtu huona picha na maandishi kwenye sarafu. Mashine haioni hivyo. Mashine za kizazi cha katikati ya karne ya 20 zilipima kipenyo, unene na uzito, kisha zikaiviringisha sarafu mbele ya sumaku. Sumaku haivuti shaba wala fedha, lakini metali inayopitisha umeme ikikatiza mbele yake huzaa mikondo midogo inayoipunguza kasi. Sarafu halali ilipungua kasi kwa kiasi kilichojulikana, ikaangukia njia yake. Bandia ilikwenda kasi mno au ilichelewa mno, ikakosa njia na kurudishwa kwa mteja. Mashine za leo hutumia vihisio vya umeme, lakini msingi ni uleule wa kuitambua metali kwa tabia yake.

Ndiyo maana mwaka 1965, Marekani ilipolazimika kuacha kutengeneza sarafu za senti 10 na 25 kwa madini ya fedha, mashine zilikuwa na kauli kubwa kuliko wachoraji. Ilihitajika metali ya bei nafuu itakayopita katika mamilioni ya mashine bila kuzirekebisha. Jibu lilikuwa tabaka mbili za mchanganyiko wa shaba na nikeli zilizofunika moyo wa shaba tupu, kwa sababu muundo huo uliidanganya mashine kuwa inapokea sarafu ya fedha. Sarafu hizo ndizo zinazotumika mpaka sasa. Ni mara chache sekta ya wauza soda na chingamu imeamua fedha ya taifa kubwa itengenezwe kwa nini.

Si kila nchi iliwafikiria watu wa mashine namna hiyo. Uingereza ilibadilisha sarafu za peni 5 na peni 10 mwaka 2012 kuwa chuma kilichopakwa nikeli, nene kuliko za awali, na wenye mashine wakabeba gharama za marekebisho. Mwaka 2017 ikaja pauni mpya yenye pande 12: ilianza kutumika tarehe 28 Machi, na ya zamani ikakoma kuwa halali tarehe 15 Oktoba mwaka huohuo. Kwa zaidi ya miezi sita mashine zilipaswa kupokea sarafu mbili tofauti za thamani moja, kisha zikarekebishwa tena kuikataa ya zamani. Kwa mwenye mashine elfu moja, kila ziara ya fundi ni fedha inayotoka bila kuuza hata chupa moja ya ziada.

Japani, nchi yenye mamilioni ya mashine hizi, ilipata fundisho la aina nyingine. Sarafu yake ya yeni 500 ilikuwa na kipenyo cha milimita 26.5 na uzito wa gramu 7.2. Sarafu ya won 500 ya Korea Kusini ilikuwa na kipenyo hichohicho, metali hiyohiyo na uzito wa gramu 7.7, lakini thamani yake haikufika hata nusu ya ile ya Japani. Wahalifu waligundua kuwa wakitoboa au kukwangua sarafu ya Korea wakapunguza nusu gramu, mashine ya Japani haingeng'amua. Mbinu hiyo ilienea katika miaka ya 1990. Wengine hawakutaka hata bidhaa: walitumbukiza sarafu iliyokwanguliwa, wakabonyeza kitufe cha kurudishiwa, na mashine ikawatolea yeni 500 halali kutoka kwenye akiba yake. Japani ilibadilisha metali ya sarafu hiyo mwaka 2000, na mwaka 2021 ikatoa nyingine ya metali mbili. Kila badiliko liliwalinda wenye mashine kwa mkono mmoja na kuwatoza kwa mwingine. Noti mpya za Julai 2024 ziliwafikia hata wenye vibanda vidogo vya tambi, ambao wateja wao hulipia chakula kwenye mashine ya tiketi mlangoni.

Suala la tatu ni sheria, na hapa historia ya sekta imeacha doa. Biashara ya fedha taslimu isiyo na risiti iliwavutia majambazi. Mwaka 1959 kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na John McClellan, mwanasheria wake mkuu akiwa Robert Kennedy, ilichunguza namna magenge yalivyowalazimisha wenye baa kukubali jukiboksi zao kwa vitisho. Kabla ya hapo, mwaka 1942, Meya Fiorello La Guardia alikuwa amepiga marufuku pinboli New York kwa hoja kuwa ni kamari, na polisi wakazivunja mashine kwa nyundo. Marufuku hiyo haikuondolewa mpaka 1976, baada ya mchezaji hodari Roger Sharpe kuonyesha mbele ya baraza la jiji kuwa mpira huongozwa kwa ustadi. Waendeshaji waaminifu walikuwa wengi, lakini walilipa gharama ya sifa mbaya kwa miongo kadhaa kupitia leseni ghali na mikopo ya benki iliyokataliwa.

Swali lilelile la ustadi au bahati linarudi leo kwa sura nyingine. Katika majimbo kama Pennsylvania, baa na vituo vya mafuta vimejaa mashine zinazoitwa za ustadi, zinazofanana na mashine za kamari lakini zina hatua ya mwisho inayohitaji kumbukumbu au wepesi. Kasino zenye leseni zinalalamika kuwa mashine hizo hazilipi kodi ya kamari. Wamiliki wanajibu kuwa hazichezeshi kamari. Kwa mwendeshaji mdogo uamuzi ni mgumu. Mashine hizo humletea fedha nyingi kuliko jukiboksi na meza ya pool kwa pamoja, lakini hukumu moja ya mahakama inaweza kuzigeuza kuwa mzigo usiouzika.

Hakimiliki nayo ilibadilisha hesabu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1909 haikuwatoza wenye mashine za muziki za sarafu malipo ya watunzi, na wenye jukiboksi wakaishi chini ya mwavuli huo karibu miaka 70. Sheria ya 1976, iliyoanza kutumika 1978, iliukunja kwa kuweka ada ya dola 8 kwa kila mashine kwa mwaka. Ada ilikuwa ndogo na malalamiko yalikuwa makubwa, ingawa mwandishi wa wimbo uliopigwa mara elfu moja katika baa ana haki ambayo ni vigumu kuikana. Sheria za afya ziliuma zaidi. Mashine za sigara, zilizokuwa tegemeo la waendeshaji wengi, zilizuiwa Marekani mwaka 2010 zisiwekwe mahali ambapo watoto wanaweza kuingia, na Uingereza (England) ikazipiga marufuku kabisa Oktoba 2011. Hakuna aliyezililia isipokuwa waliozimiliki, na ni haki iwe hivyo.

Suala la nne ndilo kubwa kwa sasa: sarafu zinatoweka mifukoni. Simu za kulipia zilitangulia kuzama. Marekani ilikuwa na zaidi ya milioni 2 katikati ya miaka ya 1990. Tarehe 23 Mei 2022 Jiji la New York liling'oa kibanda chake cha mwisho cha simu za umma. Mwaka 2020, janga la UVIKO lilipofunga maduka na benki, sarafu ziliacha kuzunguka kiasi kwamba Benki Kuu ya Marekani ilizigawa kwa mgao. Wenye madobi ya kujihudumia walijikuta katika hali ya ajabu: mashine zao zilijaa sarafu ambazo mtaa mzima ulikuwa ukizitafuta. Wahamiaji wengi kutoka Kongo, Kenya na Tanzania wanaoishi katika nyumba za kupanga Marekani wanakijua vizuri kibarua cha kutafuta senti 25 kabla ya siku ya kufua. Novemba 2025 Marekani ilipiga chapa senti moja yake ya mwisho kwa matumizi ya kawaida, kwa sababu kila moja iligharimu zaidi ya senti 3 kuitengeneza. Mashine hazikuwa zikiitegemea hiyo. Kinachowatia hofu waendeshaji ni senti 5, ambayo mwaka wa fedha 2024 iligharimu karibu senti 14. Ikibadilishwa metali, marekebisho ya mashine yataanza upya. Ikifutwa, kutoa chenji kutakuwa na hesabu mpya.

Kadi na simu zilionekana kuwa ukombozi, na kwa sehemu ni kweli. Dobi lenye kisomeo cha kadi linaweza kupandisha bei kwa senti 10 bila kusubiri kuruka senti 25, na linaweza kutoza kidogo asubuhi ya Jumanne na zaidi Jumamosi. Mashine iliyounganishwa na mtandao humwambia mwendeshaji ni chupa gani zimekwisha kabla hajawasha gari. Wizi wa wakusanyaji, ugonjwa wa siri wa biashara hii, hupungua. Tangu 1998 kampuni ya TouchTunes ilipoanza kuleta jukiboksi zinazopokea nyimbo kwa mtandao, mteja ameachiwa maktaba kubwa kuliko santuri zozote, na sasa huchagua na kulipa akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Lakini kadi ina mlinzi wake wa lango, naye hutoza. Mfano wa Redbox unaeleza yote. Kampuni hii iliyokodisha filamu kwa mashine ilikuwa mali ya Coinstar, kampuni iliyotajirika kwa mashine za kuhesabu sarafu za watu madukani. Redbox haikupokea sarafu. Ilipokea kadi, kwa dola moja kwa usiku. Mwaka 2011 sheria mpya iliwekea makato ya kadi za benki kikomo cha takribani senti 21 pamoja na asilimia ndogo ya mauzo. Nia ilikuwa kuwasaidia wafanyabiashara, na wakubwa walinufaika. Lakini mauzo madogo yalikuwa yakitozwa chini ya hapo, na mitandao ya kadi ikapandisha makato yake mpaka kwenye kikomo. Oktoba mwaka huo Redbox ikapandisha bei hadi dola 1.20, ikitaja makato hayo miongoni mwa sababu. Wenye mashine za soda walikumbwa na pigo lilelile: senti 21 zikikatwa kwenye soda ya dola moja na robo, faida inakuwa imekwenda. Wengi walijibu kwa kuweka bei mbili, ya fedha taslimu na ya kadi. Redbox yenyewe haikuuawa na makato. Filamu za mtandaoni zilikwisha kuidhoofisha, na mwaka 2024 ilifilisika.

Kwa maneno mengine, yule aliyekuwa akisubiri uamuzi wa wizara ya fedha kuhusu sarafu sasa anasubiri uamuzi wa kampuni ya kadi kuhusu makato. Tofauti ni kwamba sarafu, ikishatumbukia, ilikuwa yake yote. Na wapo wateja wanaoachwa nje: wasio na akaunti, wazee, watoto. Ndiyo sababu Philadelphia na jimbo la New Jersey, mwaka 2019, na Jiji la New York mwaka uliofuata, walipitisha sheria za kuyazuia maduka yasikatae fedha taslimu.

Juu ya hayo yote kuna gharama ya vifaa. Sehemu kubwa ya midoli inayojazwa katika mashine za kudaka zawadi, pamoja na vipuri vingi, hutoka China. Aprili 2025 ushuru mpya wa Marekani kwa bidhaa za China ulifika asilimia 145, na Mei ukashushwa hadi asilimia 30. Mwendeshaji aliyeagiza kontena kati ya tarehe hizo mbili hakuweza kujua bei ya mzigo wake mpaka ulipofika bandarini, wala hakuwa na uwezo wa kumpandishia bei mtoto anayejaribu kudaka mdoli.

Afrika Mashariki iliingia katika biashara hii kwa mlango wa pembeni, na mlango huo ulikuwa kamari. Mashine kutoka China zilienea hadi kwenye maduka ya vijijini Kenya, zikimeza sarafu za shilingi 20 za wanafunzi na vibarua, na kuelekea mwisho wa miaka ya 2010 serikali iliendesha misako na kuzichoma hadharani. Tanzania ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na sheria ya mwaka 2003, na mashine ambazo mitaani huitwa dubwi zinatakiwa kuwa na leseni na kuwekwa mbali na walio chini ya miaka 18. Pale usimamizi unapolegea, hasara humwangukia yule asiye na cha kupoteza. Hilo ndilo jambo ambalo sekta hii haipaswi kusamehewa popote.

Matumizi yenye manufaa yalipofika, sarafu ilikwisha kurukwa. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, kabla mashine za soda hazijawa jambo la kawaida barabarani. Mashine za maji zilizowekwa Mathare, Nairobi, mwaka 2015 zilitumia kadi iliyojazwa fedha kwa simu, na dumu la lita 20 lilikuwa nusu shilingi, bei ambayo hakuna sarafu ingeweza kuilipa kwa urahisi. Mashine za maziwa zilienea katika maduka ya Kenya, mteja akinunua kwa kadiri ya shilingi alizonazo. Wala tatizo la makato halikukwepwa huku. Tozo za miamala ya simu zilizoanza Tanzania Julai 2021 zilizua malalamiko makubwa, zikapunguzwa Septemba mwaka huo, na waliolalamika zaidi ni wale wanaotuma na kulipa fedha kidogokidogo.

Matarajio yanatofautiana kwa aina ya mashine. Madobi ya kujihudumia yamesimama imara, kwa sababu mpangaji asiye na mashine ya kufulia hana njia nyingine. Mashine za vitafunwa zilipoteza wateja ofisini watu walipoanza kufanyia kazi nyumbani, na sehemu yake imechukuliwa na vyumba vidogo visivyo na muuzaji ambamo mfanyakazi huchukua bidhaa rafuni na kulipa mwenyewe. Mashine za kudaka zawadi zinastawi. Waendeshaji wadogo wanauza mizunguko yao kwa makampuni makubwa yenye uwezo wa kununua visomeo vya kadi kwa maelfu na kujadiliana makato. Mashine mpya nyingi Marekani sasa huuzwa zikiwa na tundu la sarafu, mdomo wa noti na kisomeo cha kadi na simu kwa pamoja, na gharama ya kuvitunza vyote vitatu humwangukia mwendeshaji.